Mtu Aliyelala Harukwi

Shami, mpwa wangu, alirudi nyuma. Hivyo ndivyo watu wa Louisville, huku Marekani, walivyomjua kwanza. Alikuwa amekumbatia ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, njia nyeupe mbele yake, na kijana mmoja tu amelala chini kati yake na bao. Akamruka. Kisha, kama mtu aliyesahau ufunguo mlangoni, akageuka, akamruka tena kurudi alikotoka, na wapinzani wakamwangukia kama gunia juu ya gunia. Uwanja wa shule ulicheka mpaka watu wakashika mbavu.

Dada yangu Nyirabeza hakucheka. Kwetu, milima ya Kivu ya Kusini, mtu aliyelala harukwi. Ukimruka kwa bahati mbaya, unamruka tena kurudi, umrejeshee maisha yake.

"Umefanya vizuri, mtoto yangu," alimwambia.

"Mama, kocha anasema nimerogwa."

"Bon. Mwambie kocha, hata yeye alilala siku moja."

Tangu hapo Shami akawa anawazunguka walioanguka. Kuzunguka huko ndiko kulikompeleka chuo, Columbus. Nami, ambaye miguu yangu haijajifunza kukaa, nikamfuata, nikapata kazi ya ghala, nikapanga chumba Whitehall, kando ya mji huo. Watu walisema anapita kama maji yanayokwepa mawe. Hawakujua kwamba madaha yale yalikuwa mwiko. Nilijua, nikanyamaza, uzuri ukiuchimba mizizi unanyauka.

Buffalo ilikuwa habari nyingine. Kiangazi cha 2016 timu ya kulipwa ilimwita kwa majaribio. Wanaume wa kule ni wazito kama mafahali na wepesi kama ndama; ukizunguka, wamekwisha kufika. Kocha mpya hakuzungusha maneno: "Njia iko juu ya walioanguka. Ijumaa uruke, au Jumamosi ufunge mizigo."

Jioni ile Shami alikuja West Side, mtaa wa Buffalo, kwenye nyumba ya mbao tuliyopanga mimi na mama yake tulipomfuata huko. Alimkuta anachambua maharage.

"Mama, nipe ruhusa ya kuruka watu."

Vidole vya dada yangu havikusimama. "Unajua sababu gani nilikukataza?"

"Mila."

"Mila, kila mtu iko nayo." Akasukuma sinia pembeni. "Siku tulikimbia vita, baba yako alianguka njiani. Watu walikuwa wengi nyuma yetu. Walimruka. Na mimi nikamruka, wewe ukiwa kwa mgongo. Nilisema, bon, nitarudi nimruke tena. Sikurudi."

Habari za njia ile nilikuwa nimezisikia miaka mingi. Hiyo sikuwa nimeisikia. Nilitazama dirishani, basi la mji likapita tupu.

"Basi siruki," Shami akasema. "Nitatafuta kazi nyingine. Mjomba atanipeleka ghalani."

"Mjomba yako huyu? Yeye mwenyewe ghala inamtafuta!" Alicheka kidogo, kisha uso ukarudi mahali pake. "Ruka, Shami. Ni kazi. Lakini..."

Alivuta sinia, akaanza upya maharage aliyokwisha kuyachambua.

Ijumaa walimpa mpira mwishomwisho wa mchezo. Ukuta wa watu ukafunguka, na katikati ya mwanya, jitu la timu ile nyingine limelala kifudifudi. Kushoto kumefungwa, kulia kumefungwa. Shami akaruka. Alipotua hakukuwa na mtu mbele yake, akakimbia mpaka mwisho wa majani. Uwanja mzima ulisimama isipokuwa Nyirabeza. Macho yake yalibaki pale mtu alipolala.

Kesho yake walimwambia abaki, kazi aliipata. Ila mimi ninachokumbuka ni kabla ya hapo, filimbi ya mwisho ilipokwisha kulia na watu wanashikana mikono. Nilimwona Shami akilitafuta lile jitu. Akalieleza jambo, mikono ikionyesha huku na huku. Jitu likacheka, likatikisa kichwa, likatazama kama kuna anayeona. Halafu, abarikiwe aliyemlea, likajilaza kwenye majani.

Shami alirudi hatua chache, akamruka polepole, kutoka upande wa bao kurudi upande alikotoka. Kisha akainama, akampa mkono.

Dada yangu aliukazia macho mkono ule, kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi shingoni, mpaka yule mtu akasimama wima na kujipangusa magoti.

"Ameamka," akasema.