Mkata Umeme wa Mkunya

Sabina alikuwa amepiga magoti sakafuni akilifunga goti la mumewe kwa bandeji, anaivuta kwa nguvu kama anayefunga mdomo wa gunia la korosho. Chrispin aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu kaunyoosha, akimwambia akaze zaidi. Mafuta ya kula yalikuwa yamepanda tena sokoni Masasi, kwa hiyo asubuhi hiyo hayakukaangwa maandazi ya kuuza wala ya kula. Walikunywa chai ya rangi kwa kiporo cha muhogo. Kisha Sabina akamwuliza kama leo kweli suala la goti litasemwa, au wanakwenda kupiga picha kama siku zote.

"Katibu wa timu kasema mlezi ataelezwa leo kwenye bonanza, atangaze mwenyewe," Chrispin akajibu.

Sabina akaikaza bandeji. Alishaacha kubishana na maneno ya katibu, kama mtu anavyoacha kubishana na jogoo.

Chrispin alikuwa kiungo mkabaji, namba sita, yule ambaye vijiweni wanamwita mkata umeme. Kazi yake ni kusimama mbele ya mabeki na kuhakikisha shambulizi linafia hapo kabla halijawa habari. Kazi haina shukrani. Mfungaji huimbwa, kipa husifiwa, lakini namba sita akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na nani atapiga makofi kwa jambo ambalo halikutokea? Hata hivyo kazi hiyo ilimtoa kwenye uwanja wa mchanga wa kijijini kwao Mkunya, katikati ya mikorosho, ikamfikisha Ligi Kuu, Dar es Salaam, kwenye timu ambayo baadaye ilishuka daraja na kufa bila matanga. Umri uliposogea alirudi Masasi, akachukuliwa na timu ya mji, Mtandi Rangers. Viongozi walipenda kumwonyesha kwa wageni, "huyu ndiye mchezaji wetu wa Ligi Kuu," kama watu wanaoonyesha kabati lililonunuliwa mjini.

Goti liliharibika kwenye mechi iliyoipandisha timu daraja. Aligongwa kipindi cha pili, akasikia kitu ndani kinakatika kama kamba. Yule waliyemwita daktari wa timu alikuwa muuza dawa za mifugo. Alimchoma sindano palepale kando ya mstari, akamwambia rudi uwanjani. Akarudi, akakaba hadi filimbi ya mwisho. Timu ikapanda, viongozi wakabebwa mabegani. Chrispin naye alibebwa, ila kwenye bodaboda, kupelekwa hospitali. Huko akaambiwa kano imekatika, inabidi apasuliwe Dar es Salaam, na kabla ya hapo asiguse mpira. Tangu hapo, kila alipouliza, Shamte, katibu wa timu, alimjibu kwamba suala lake liko mezani, ila mlezi bado hajafikishiwa habari. Chrispin alikuwa ameiona meza yenyewe. Ilikuwa na sahani za pilau na mifupa ya kuku.

Mlezi wa timu alikuwa Fikirini, mnunuzi wa korosho. Hakuwa amewahi kuchaguliwa hata kuwa balozi wa nyumba kumi, lakini viongozi walishaanza kumwita mheshimiwa ili ubunge ukija usimkute hajazoea. Siku hiyo alitaka bonanza la mpira lifanyike Newala, kwa kuwa kura alizozitamani zilikuwa huko juu. Wachezaji walipandishwa mlima ndani ya lori la Fuso lililokuwa limetoka kubeba salfa ya kupulizia mikorosho. Walifika macho mekundu, wanakohoa. Viongozi walitangulia kwenye gari lenye kiyoyozi.

Mgeni rasmi, ambaye ni Fikirini mwenyewe, alichelewa hadi watoto wa shule walioletwa kumwimbia wakaanza kusinzia juani. Chini ya turubai viongozi walikuwa na maji ya chupa, wengine wananawia mikono. Wachezaji walipouliza maji, wakaambiwa wanajua wenyewe hali ya maji Newala.

Ndipo Shamte akamvuta Chrispin pembeni.

"Mheshimiwa ataingia kucheza kidogo upande wa wenyeji," akasema. "Nawe utasimama namba sita dakika chache, hata na goti hilo. Akija na mpira kwako, mpishe."

"Nampishaje, katibu?"

"Wewe si mtaalamu? Jifanye umeteleza. Akifunga atafurahi, na akifurahi nitamweleza habari ya goti lako, nalo limeshapona."

Chrispin akauliza kwa nini apishe yeye na mabeki wapo. Shamte akaeleza bila haya kwamba mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Picha ionyeshe anampita mchezaji wa Ligi Kuu.

Chrispin alikubali. Lisemwe wazi hilo, maana baadaye vijiwe vya Newala vilimpamba kwa ushujaa ambao asubuhi hakuwa nao. Alimfikiria Sabina, akalifikiria goti, akaona kuteleza mara moja si kitu.

Fikirini aliingia na viatu vipya, tumbo limemtangulia uwanjani. Mara ya kwanza alipata mpira upande wa kulia. Watu wazima wakaachana mbele yake kama kuku waliotupiwa mchi, kipa akajisogeza, naye akaupiga mpira juu kabisa, ukaangukia kwenye sufuria la muuza mihogo. Viongozi wakapiga makofi. Mara ya pili alikuja katikati, mpira ukimkimbia kidogo, mpiga picha keshachuchumaa. Chrispin akaulegeza mguu tayari kuanguka.

"Kaa pembeni, mzee wa goti," Fikirini akamwambia, anacheka.

Kumbe alikuwa anajua. Miezi yote ile Shamte aliapa kwamba mheshimiwa bado hajafikishiwa habari, na huyu hapa anajua, tena anaona ni jambo la kuchekesha. Chrispin hakuamua kitu. Mguu ule mzima, usio na bandeji, ulikwenda wenyewe, ukauchukua mpira safi bila kumgusa mtu, kama ulivyoichukua mipira ya wanaume wanaojua mpira. Fikirini akaendelea kukimbia bila mpira, akautafuta kwa miguu, akakosa, akaketi vumbini.

Kicheko kilianzia kwa akina mama wauza mihogo, kikauzunguka uwanja.

Refa, mwalimu aliyekuwa akisubiri uhamisho, akapuliza penati, ingawa walikuwa karibu na duara la kati. Fikirini akakung'utwa vumbi, akapiga. Kipa aliruka upande wa pili hata kabla mpira haujaguswa. Ikawa bao.

Kwenye hotuba mlezi alitangaza jezi mpya zenye sura yake kifuani. Habari ya goti haikutajwa. Wachezaji walipoitwa kuvaa jezi na kusimama naye kwa picha, Chrispin alibaki ameketi chini. Goti lilikuwa linajaa. Shamte akamjia.

"Umejimaliza mwenyewe," akamwambia.

"Mlinimaliza nyie, katibu. Mimi leo nimefanya kazi yangu tu."

Fuso liliondoka bila yeye. Jafari, kijana wa bodaboda wa kijiji cha Chilangala, alimpakia hadi Mkunya kwa mama yake na kukataa kulipwa. Mama huyo, Mama Isabela, alikuwa barazani anachambua choroko, redio pembeni. Chrispin akamwamkia, akaitikiwa, akaunyoosha mguu kwenye mkeka.

Jioni redio ikatangaza kwamba bonanza la Newala limefana, na kwamba mlezi wa Mtandi Rangers amefunga bao zuri baada ya kumlamba chenga mchezaji wa zamani wa Ligi Kuu.

Mama akaacha kuchambua, akamwita mwanawe kwa jina la mjukuu.

"Kakupita, Baba Huruma?"

"Hajanipita, mama."

Yule mama akaigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri huku mtangazaji akikatikia katikati ya jina la mheshimiwa. Akazitia kwenye tochi yake, akasogea mkekani, akaanza kuifungua ile bandeji.