Mdomo wa Mbwa wa Radjabu

Mbwa aliyemuuma mwanangu nilimfunga uani kwangu, na mimi ndiye niliyempikia bugali. Majirani hapa Kasongo waliniona nimerukwa na akili. Basi waone watakavyo. Muuguzi Estelle alikiosha kidonda cha Grâce kwa sabuni na maji mengi, akaagiza chanjo itafutwe Kindu maana hapa haikuwepo, kisha akanishika bega.

"Mama Grâce, muchunge ile mbwa. Kama iko inakula na kunywa siku kumi, mutoto hana shida. Musiiue, munasikia?"

Lakini serikali nayo ilikuwa na lake. Tangu kichaa cha mbwa kiingie, amri ilikuwa moja: kila mbwa afungwe mdomo, na atakayekutwa mdomo wazi auawe papo hapo. Radjabu, mwenye mbwa, alisuka kikapu kidogo cha kamba, akamvisha mdomoni, akaniachia mzigo wote. Sawa. Ila mbwa aliyefungwa mdomo atakulaje, na atakunywaje maji? Siku ya pili, tangu asubuhi alikuwa anadondosha mate, nami nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Yalikuwa mate ya joto au mate ya ugonjwa? Nilikaa, nikasimama, nikachungulia, nikakaa tena. Roho ilikataa kutulia.

Mchana nilishindwa. Nilikaza kamba ya shingo kwenye nguzo, nikamvua kile kikapu, nikamsogezea beseni kwa fimbo. Akainamisha kichwa. Kunywa, nikamwambia, kunywa shetani wee, nakuomba.

Pikipiki ikanguruma nyuma yangu, nikageuka. Alikuwa Octave, mume wangu, ametoka machimboni Lusangi na matope yake mwilini. Habari zilikuwa zimemfikia huko.

"Njo huyu aliuma mutoto? Na mudomo iko wazi!"

"Octave, acha! Acha!"

Panga lilishuka mara mbili. Anampenda sana bintiye, na sheria ilikuwa upande wake. Nilimpiga ngumi za kifua, nikamtukana, nikalia.

"Ilikunywa? Uliona kama ilikunywa?"

Hakulielewa swali. Nami sikuona, nilikuwa nimegeuka. Nikakimbilia beseni, nikakuta maji mekundu tu.

Grâce akatoka ndani, mkono umefungwa bendeji, akamtazama yule mbwa, akacheka kwa furaha.

"Mama, imekufa! Basi mimi nimepona?"

Nilimwambia baba yake awashe tena pikipiki, twende Kindu kutafuta chanjo.