Tundu la Pili la Bi Jokha

Kila Ijumaa baada ya sala, Bi Jokha alishuka na chetezo kwenye chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yake kongwe ya mawe, Thornton Heath, London, akafukiza udi. Moshi usipotee bure, matundu yote ya hewa aliyaziba kwa vipande vya kanga. Miaka thelathini. Kuta zikatoa maji, kasha lake la mbao lililokaa humo likaota kuvu, na ndani ya kasha mlikuwa na hati ya nyumba ya baba yake kule Wete, Pemba, ile waliyonyang'anywa wakati wa Mapinduzi. Hati ilikuwa inaoza, na ndiyo pekee aliyotoka nayo.

"Shangazi, unyevu umeufuga mwenyewe," alisema Soud, mpwa wake, fundi. Akayazibua matundu ya upande wa barabarani, kisha akatoboa jingine ukuta wa mkabala, ili upepo upite.

Ya barabarani yalileta harufu ya kuku wa kukaanga. Hilo jipya lilileta upepo wa Wete, na karafuu zilizoanikwa. Soud akaweka mkono hapo, akaridhika, akaenda kunywa chai.

Jumatatu tundu hilo likaleta sauti ya mtu anafagia. Bi Jokha aliujua ua ule. Hata pale ufagio unapokwama, penye jiwe la tatu, alipajua. Machozi yakamtoka. Akainama penye tundu, akaita.

"Hodi!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Jokha binti Matar. Hapo ni kwetu."

Ufagio ukanyamaza. "Mie Haifa. Sie tumepewa na serikali, bibi. Nimezaliwa humu humu."

Hati ilipokauka, Bi Jokha alimsomea yote, mipaka na mihuri. Haifa alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri," akasema, akaenda kupalia wali makaa.

Ijumaa kuta za London zilikuwa kavu kabisa. Safari hii Haifa ndiye aliyepiga hodi.

"Bibi, huku kuta zinatoa maji tangu juzi. Watoto wanakohoa."

Uchungu ulimpanda Bi Jokha, kwa nini usimpande? Dawa ya unyevu ule haikuandikwa hata kwenye hati, na aliyeijua alibaki yeye tu.

"Nyuma ya kabati la ngazini pana tundu. Baba alilitoboa. Mtakuwa mmelipaka chokaa."

Akasikia kabati linaburutwa, kisha nyundo. Upepo ukapita.

"Limeonekana! Ahsante, bibi. Nyumba yetu itapona."

"Itapona," alisema Bi Jokha. Akaikunja hati, akairudisha kashani.