Sakafu Iliyochezewa Ngoma

Sakafu ya banda la malori ilikuwa imebomoka, na malori ya Tajudin yalikuwa yanakuja Jumatatu.

Kubomoka kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Kulikuwa na mashimo ambayo nguruwe angelala humo na watoto wake, akabaki na nafasi ya wageni. Mvua za masika zilikuwa zimeingia kupitia mtaro ulioziba, matairi ya msimu uliopita yalikuwa yamechimba, na hakuna aliyeshughulika. Hapo zamani banda lilikuwa la chama cha ushirika, hapa Bariadi, kwenye njia ya Lamadi: mabati juu, nguzo za miti, udongo chini. Malori ya ushirika yalikuwa yanalala humo, mpaka yakafa moja baada ya jingine.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi wa pamba wakaanza kushuka kutoka Mwanza, kila mmoja na malori yake na mizani yake, na wote walitaka mahali pa kulaza magari pasipoibwa betri. Shemeji yangu Ndaki akanusa. Akalikodi banda. Kodi aliipata kwa kuuza mitamba mitatu ya mke wake, dada yangu Generoza, ambaye alikuwa ameinunua kwa kuuza mchele.

"Mitamba yangu iko wapi?" Generoza alimuuliza.

"Imekwenda kuzaa malori."

"Malori yasipokuja, Ndaki, utazaa wewe."

Mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wa lile banda tangu enzi za ushirika, kwa hiyo Ndaki alinirithi pamoja na mabati. Kila mwaka mvua zikikatika, kazi ilikuwa ileile: kuzibua mtaro, kugongea misumari ya mabati, kujaza moramu kwenye mashimo, kumwagia maji na kushindilia. Mtaro nilizibua. Misumari niligongea. Moramu ililetwa na mikokoteni ya ng'ombe ikatandazwa. Kilichobaki ni kushindilia. Ushirika walikuwa wanaleta rola. Sasa rola lilikuwa la mkandarasi mmoja wa barabara, na alipotaja bei, Ndaki alitafuta mahali pa kukaa.

Tajudin alikuwa na duka sokoni na alikuwa wakala wa kampuni ya pamba. Alikuja Alhamisi kukagua, kanzu ameikunja mkononi isishike vumbi.

"Ndaki, mimi sina undugu na banda. Sakafu ikiwa ngumu, malori yangu manne yanalala kwako msimu mzima. Ikiwa laini hivi, nakwenda kwa Mashimba."

"Mashimba ana kiwanja tu, hakina hata paa."

"Pamba yangu ina turubai. Wewe nipe ardhi inayobeba lori."

Tajudin alipoondoka, Ndaki alikaa juu ya tairi bovu, akajikuna kidevu muda mrefu. Halafu akacheka peke yake, jambo ambalo kwa ukoo wao huwa dalili mbaya.

"Miguu," akasema.

"Miguu gani?"

"Shemeji, watu wamemaliza kuvuna. Wagika na Wagalu wanatafuta uwanja wa kushindania. Miguu mia mbili inakanyaga kutwa nzima! Rola gani litafikia hapo?"

Kwa asiyejua: Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma, na Usukuma nzima imegawanyika humo, hata walio ndani ya nyumba moja. Vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho kinachoshinda. Viongozi wao hawaachi mambo kwa bahati. Kila mmoja anaamini mwenzake amezika dawa mahali fulani uwanjani ya kumvutia watu.

"Watakuja bure?" nikamuuliza.

"Mshindi nampa nzagamba wangu."

Lilikuwa dume lake pekee, lenye nundu kama mtungi. Hapo ndipo alipoharibu. Wangecheza kwa pombe tu, wangecheza wakaenda kulala. Ukishaweka dume la ng'ombe, hiyo si burudani tena, ni vita.

Jumamosi walikuja. Wagika chini ya Mhoja, mzee mwembamba mwenye filimbi shingoni, wakashika upande wa mtaro. Wagalu chini ya Salu, bonge la mtu, wakashika upande wa lango. Ngoma zao ni za majembe. Wanayarusha juu, wanayadaka, wanakanyaga. Na walikanyaga haswa. Vumbi lilifika kwenye mabati. Mimi nilikuwa nazunguka na ndoo kumwagia maji, na kila nilipomwagia walikuwa wamekwishapakausha. Ilipofika saa kumi, sakafu ilikuwa ngumu kama sinia. Ndaki aliipiga kwa kisigino, akanikumbatia.

Lakini mshindi hakupatikana. Watazamaji wa Mhoja walipanda mpaka kwenye miti. Watazamaji wa Salu walivunja lango.

"Mimi nimeshinda," Mhoja akasema.

"Umeshinda nini, fito wewe? Wale walikuja kukimbia jua."

"Na wako walikuja kuangalia tumbo!"

Wakakubaliana wapumzike, washindane tena Jumapili mchana.

Jumapili asubuhi tulikuta sakafu imechimbwa kama shamba la viazi. Mashimo matano, marefu kufika gotini, moja pembeni kabisa ya nguzo ya katikati. Ndaki alikuwa amevaa suruali ya kanisani. Alisimama mlangoni akashika kichwa. Generoza alichungulia nyuma yake.

"Kwa hiyo uliita watu wenye majembe," akasema, "waje kutengeneza sakafu."

"Walikuwa wanatafuta dawa," Ndaki akajibu kwa sauti ndogo. "Au walikuwa wanazika."

Ngoma ya mchana aliifuta. Aliwaambia Mhoja na Salu kwamba suala la dume litaamuliwa Jumatatu. Akaita vibarua waje kufukia. Vibarua walifika, wakaangalia mashimo, wakaangaliana, wakasema wana msiba Bukundi. Wote watatu, msiba mmoja, wala hawakujua aliyekufa.

Tukabaki wawili. Ndaki alikuwa mzee wa kanisa. Siku nyingine husoma somo la kwanza, tena kwa madaha. Akashika koleo, akasimama mbali na shimo kama anayemlisha fisi, akaanza kurusha udongo.

"Sogea karibu ushindilie," nikamwambia.

"Shindilia wewe."

"Mimi sikuita ngoma."

"Luhaga, ukikanyaga kitu cha Mhoja mguu unavimba mpaka hapa. Kuna mtu Kimali alivimba."

"Si unaamini sakramenti?"

"Naamini. Lakini mguu ni wangu."

Nilimwambia lori halijui dini wala uchawi, linajua uzito tu. Akasema udongo utajishindilia wenyewe. Mashimo yote matano yakajazwa kwa kurusha, bila unyayo wa mtu kugusa. Juu akatandaza moramu kidogo, akainyunyizia maji kwa mbali, akapitisha ufagio wenye mpini mrefu. Ukiitazama, ilikuwa sakafu. Hata mimi ningeipangisha.

Jumatatu Tajudin alikuja mbele ya lori lake la kwanza, kwa miguu. Alisimama langoni akapiga kisigino. Du! Akapiga tena. Du!

"Mashallah! Ndaki, rola umelitoa wapi?"

"La kienyeji, bwana."

"Soko huria hilo. Saidi, ingiza!"

Saidi alikuwa dereva. Lori lilikuwa limejaa pamba mpaka juu ya bodi. Akaanza kuingia kinyumenyume, na Ndaki akawa anamwelekeza kwa mikono miwili kama anayeongoza kwaya. "Njoo, njoo, njoo, kata kulia kidogo, njoo..."

Tairi la nyuma likafika pembeni ya nguzo ya katikati. Halikutoa kelele. Lilizama tu, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kochi. Lori zima likaegemea, likatafuta ukuta kama mlevi, likaikuta nguzo. Nguzo ikakatika. Ya jirani yake ikaifuata. Halafu mabati yakaanza kushuka, na hapo kelele ikawepo ya kutosha.

Saidi alitokea dirishani akiwa na pamba masikioni, akitukana kwa lugha tatu. Hakuumia mtu. Tajudin alisubiri vumbi litulie.

"Chini pale pana nini?"

"Dawa," Ndaki akasema.

"Dawa ya nini?"

"Ya ngoma."

"Kwa hiyo nyinyi mliogopa kupakanyaga." Tajudin alisema polepole, anahesabu maneno. "Mkaona afadhali likanyage lori langu."

Wakati huohuo Mhoja na Salu walikuwa wanaingia, kila mmoja na kamba ya kumfungia nzagamba.

"Mwangaluka!" wakasalimu kwa pamoja, halafu wakaona paa.

Ndaki aliwarukia. "Mlizika nini kwenye banda langu?"

"Mimi sikuzika kitu," Mhoja akasema. "Nilikuwa natafuta cha Salu."

"Cha kwangu?" Salu akashangaa. "Mimi sikuzika. Nilikuwa natafuta cha kwako."

Generoza alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akatoka nje, na kicheko chake tulikisikia kikielekea barabarani, kikipita nyumba yake bila kuingia.

Tajudin aliondoka na malori yake siku hiyohiyo. Ndaki alimfuata hadi sokoni akimsihi, akarudi amebeba viatu mkononi.

Gharama ilikuwa hii. Nguzo mbili. Mabati kumi na manane yaliyokunjika, na sita ambayo majirani wanasema hawayajui. Springi ya nyuma ya lori, ambayo Ndaki aliilipa kwa kumuuza nzagamba. Malori manne, msimu mzima, kwa Mashimba. Mitamba mitatu. Na kitanda kimoja, changu, ambacho Generoza alikilalia mpaka pamba ikapandwa tena, mimi nikiwa chini kwenye mkeka.