Viti vya Asili

Mume wangu alinunua gari la michezo la viti viwili kwa kiinua mgongo chake chote, na mimi sikuongea naye siku tisa. Siku ya kumi niliongea, na nadhani alitamani ninyamaze tena. Nilimuuliza mtu mwenye mke, watoto watatu na nyumba ya kupanga anapata wapi akili ya kununua gari kuukuu lisiloweza kubeba hata gunia la mkaa. Akanijibu kwa upole, ule upole wake unaonipandisha mori.

"Si kuukuu, mke wangu. Ni la zamani. Gari jipya hushuka bei siku ile ile unayolitoa dukani. Haya wameacha kuyatengeneza. Kila mwaka yanapungua, na yaliyobaki yanapanda."

"Yanapanda wapi? Mtini?"

Majirani wakalipa jina: Bi Mdogo. Na kweli nilikaa na mke mwenza miaka kumi na mmoja. Alilala bandani chini ya mashuka mawili, akaogeshwa kila Jumamosi, na wala hakuwahi kutumwa sokoni. Mimi ni fundi wa viti. Nashona makochi, viti vya ofisi, viti vya malori, kazi yangu inajulikana mtaa mzima, lakini kwa Bi Mdogo nilikatazwa kugusa hata mkanda. "Huyu haguswi," mume wangu alikuwa akisema. "Thamani yake ni kutoguswa." Mtu mwenye mikono kama yangu akiambiwa hivyo ndani ya nyumba yake, unafikiri anajisikiaje?

Halafu macho yakaanza. La kushoto lilikwenda polepole, tukadhani ni uzee, na tulipofika kwa daktari lilikuwa limeshazimika. La kulia likafuata njia hiyo hiyo. Mume wangu, aliyepiga chapa vitabu vya watu miaka thelathini na aliyeona herufi iliyopinda kabla hajavaa miwani, akawa ananitambua kwa sauti ya kandambili zangu. Daktari akasema jicho la kulia bado linaweza kuokolewa likipasuliwa kabla ya mwezi kwisha. Likipita hapo, tusimlaumu. Akataja gharama. Tuliporudi nyumbani mume wangu akaketi kwenye ngazi ya mlango, akasema neno moja tu.

"Tumuuze."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka kumi na mmoja, na lilipokuja sikulifurahia hata kidogo.

Mnunuzi alipatikana kupitia rafiki yake wa zamani wa kiwanda cha chapa. Alikuwa mtu wa mji mwingine, anayekusanya magari ya namna hiyo kama wengine wanavyokusanya saa. Alipiga simu Jumamosi asubuhi, mume wangu akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa ili nami nisikie. Bei aliyotaja ilitosha upasuaji na dawa za miezi miwili, haikuzidi hapo.

"Lakini mzee wangu," akasema, "mimi nataka kila kitu cha asili. Hasa viti. Viti vikiwa vya asili, bei ni hiyo. Visipokuwa vya asili, nakata theluthi. Alhamisi saa nne nitakuwa hapo."

"Vya asili, bwana. Njoo uone. Kizuri chajiuza."

Mnunuzi akacheka, mimi sikucheka. Fundi wa viti akisikia neno asili anasikia kitu kimoja. Mteja akiingia karakanani kwangu swali langu la kwanza ni hilo: nikuwekee ngozi ya asili au ngozi bandia? Ya asili ni ya ng'ombe, bandia ni ya plastiki. Na mimi, japo nilikatazwa kugusa, sikukatazwa kutazama. Viti vya Bi Mdogo vilikuwa vya bandia. Plastiki nyekundu, safi, lakini plastiki. Nikamtazama mume wangu akitabasamu kuelekea ukutani, nikajisemea: huyu hajui. Miaka yote hii anaringa na plastiki, na Alhamisi mtu atakuja na kukata theluthi, na theluthi hiyo ndiyo jicho.

Mchana ule alikwenda kukaa kwa wifi yangu, anayeishi karibu na hospitali, kwa ajili ya vipimo vya siku nne. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi, nikarudi mbio. Nilichukua akiba yangu yote ya karakanani, nikanunua ngozi ya ng'ombe nyekundu, laini, ngozi ambayo sijawahi kumshonea hata meneja wa benki. Nikafungua banda, nikavua mashuka, nikamwambia Bi Mdogo kwa sauti, "Leo ni mimi na wewe."

Nilifumua mshono kwa mshono. Sisi mafundi hatutupi gamba la zamani, lile vazi la juu la kiti, ndilo kipimo cha kukatia jipya, kwa hiyo kila kipande nilikiandika namba kwa chaki na kukilaza juu ya ngozi mpya. Plastiki ya miaka arobaini imekauka, haina subira. Kipande kimoja cha kiti cha dereva, kile cha kushoto chini ya paja, kilichanika mkononi mwangu. Sikujali. Kilikuwa kipimo tu. Jumatano jioni nilipomaliza, nilisimama nikavitazama viti vile nikaona aibu kwa uzuri wake. Hata nyumbani kwangu hakuna kitu nilichokishona vile.

Alhamisi mume wangu alirudi saa tatu. Nilimwambia ningali na kazi ndogo ya usafi, asubiri ndani. Niliogopa pua yake. Saa nne kamili mnunuzi akafika, mtu wa makamo, shati limenyooka, kurunzi ndogo mkononi. Akazunguka gari mara mbili. Akamulika chini ya bodi, akamulika namba za injini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mume wangu alisimama mlangoni mwa banda akiwa ameshika fremu, akifuata sauti za viatu. Kisha mnunuzi akafungua mlango wa dereva, na sauti zote zikakoma.

"Viti viko wapi?" akauliza.

"Si hivyo?" nikasema. "Kaa. Usiogope."

"Mama, nilisema nataka viti vya asili."

"Ndiyo asili hiyo! Ng'ombe mzima huyo, mwanangu. Mbonyeze kwa kucha uone kama ni plastiki."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Asili, mama. Viti ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani. Gari hili lilitoka na plastiki. Nilitaka plastiki yake."

Nakumbuka mume wangu akipapasa ukuta mpaka akaufikia mlango wa gari, akainama, akapitisha kiganja juu ya kiti. Akakipeleka kiganja puani. Nilisubiri anipigie kelele. Laiti angenipigia.

"Umeshona lini?" akauliza.

"Ulipokuwa kwa wifi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mnunuzi akasema anasikitika sana, kwamba ngozi ni nzuri lakini yeye hanunui ngozi nzuri, na kwamba bei sasa ni ile ya kukata theluthi, tukubali au tuache. Nikaona kalenda ya daktari mbele yangu, siku kumi na mbili zimebaki. Nilikuwa nimetumia akiba yangu kumpofusha mume wangu. Hivyo ndivyo nilivyoliona jambo lile, na sikuwa na namna nyingine ya kuliona.

"Magamba ya zamani umeyatupa?" mume wangu akauliza, taratibu.

"Fundi gani anatupa magamba?"

Mnunuzi akageuka haraka. Nikamletea gunia. Akatoa vipande vya juu, akatazama chaki na namba zake, akanusa, akavilaza juu ya boneti. "Unaweza kuvirudisha? Kwa matundu yale yale? Tundu jipya hata moja likionekana, sivitaki."

"Naweza."

"Naondoka kesho saa kumi."

Cherehani haikunifaa, maana sindano ya cherehani hutoboa inapotaka yenyewe. Ilibidi nishone kwa mkono, sindano iingie kwenye tundu la miaka arobaini na itokee kwenye tundu la miaka arobaini. Nilifumua ngozi yangu, nikaanika vipande juani vikalainika, nikaanza. Matundu yalikuwa madogo, kila mara nilikosa na kurudi. Baada ya saa moja mume wangu akaja na kigoda, akaketi kando yangu.

"Nipe," akasema.

"Nikupe nini, wewe mtu usiyeona?"

"Matundu. Nipe ukingo wa kipande."

Akaushika, akapitisha ncha ya kidole, ikasimama. "Hapa." Nikachoma sindano, ikapita. "Hapa." Ikapita. Vidole vilivyopanga herufi za risasi za kuchapia miaka thelathini vilijua tundu lilipo kuliko macho yangu mazima. Tukaenda hivyo mpaka giza lilipoingia, tukaendelea tena alfajiri. Alisema hapa, hapa, hapa, na mimi nikashona. Katikati ya kazi nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Usinipotezee hesabu."

Mchana wa Ijumaa tukafika kwenye kipande cha kushoto chini ya paja. Kilikuwa nusu mbili, hakishoneki tena. Ndani ya mabaki yangu palikuwa na plastiki nyekundu ya benchi la zahanati nililolirekebisha mwaka uliopita, rangi karibu sawa, mikunjo yake midogo karibu sawa. Niliikata, nikaisugua kwa majivu ipoteze mng'ao, nikaitoboa matundu yake kwa kipimo cha zile pande mbili za kile kilichochanika. Nikamwekea mkononi bila kusema kitu. Kidole chake kikasimama.

"Hiki si chake."

"Chake kilichanika."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo bati, na kila pigo lilinishtua. Mwishowe akakisogeza kidole.

"Hapa," akasema.

Saa kumi kasoro robo mnunuzi akarudi. Alimulika kila mshono. Alipiga magoti, akainua kichwa, akalala chali chini ya usukani na kurunzi mdomoni. Nilisimama nyuma yake nimeshika mkono wa mume wangu, na jasho lilikuwa langu au lake, sijui. Mnunuzi akaamka, akapangusa suruali.

"Ni kazi ya ajabu," akasema. Kisha akamgeukia mume wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenye gari. "Mzee, kwa heshima yako. Vipande vyote ni vyake? Hakuna kilichobadilishwa?"

Mume wangu hajawahi kusema uongo. Si kwa sababu ni mtakatifu, ni kwa sababu hajui, akijaribu masikio yanamwiva. Aligeuza uso wake upande wangu.

"Mimi sioni, bwana," akasema. "Muulize fundi."

Miaka kumi na mmoja nilitaka aniite fundi mbele ya gari lile.

"Vyote vya asili," nikasema.

Alilipa yote. Alipokuwa akisaini karatasi alimuuliza mume wangu alilinunua kwa bei gani, akapiga hesabu kichwani, akacheka. "Basi halikupanda, mzee. Ukiangalia bei za vitu siku hizi, limejishikilia tu. Ungenunua kiwanja ungekuwa tajiri." Mume wangu akasema ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno hayo tayari tangu siku ile ya kwanza, lakini nilipoyasikia kwa mdomo wa mwingine nikayachukia. Pesa ile ingekaa nyumbani tungeila, na leo tusingekuwa na kitu cha kuuza.

Jicho lilipasuliwa Jumatano. Walipofungua bendeji aliomba niletwe karibu, akanitazama muda mrefu, akasema nimezeeka, nikamwambia na yeye ajitazame. Tulicheka mpaka muuguzi akatunyamazisha. Lakini tangu tuliporudi nyumbani hatukukitaja kile kipande. Simu ikilia, mimi naacha ninachokifanya. Yeye anaacha kutafuna. Akiwa ni wifi, au mteja, au mtu aliyekosea namba, tunashusha pumzi na kuendelea. Nimepungua. Usiku naota benchi la zahanati.

Wiki ya nne tulikuwa mezani. Simu ilikuwa kwenye kabati, upande wa pili wa chumba, ikalia. Mume wangu akainua uso na kukaza jicho.

"Ni mnunuzi," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Alikuwa amesoma. Kutoka kwenye kiti chake, herufi ndogo za kwenye kioo cha simu, bila mtu kumsomea. Machozi yakanitoka, na simu inaendelea kulia.

"Usiipokee," akasema.

Nikainuka, nikaipokea.

"Mama, habari za siku nyingi," mnunuzi akaanza, "nilikuwa nataka—"

"Bwana, kabla hujasema neno," nikamkatiza. "Kiti cha dereva. Kipande cha kushoto, chini ya paja. Si cha asili. Ni changu."

Mume wangu alikuwa akinitazama usoni kwa lile jicho, na mimi sikuinamisha uso.