Dawa ya Siku Kumi na Nne

Plasta ilikuwa imefungwa vizuri. Hilo ndilo Victoire aliloliona kwanza, kabla hata ya uso wa muzee Yusufu, na lilimuuma. Ilikuwa nyeupe, laini, imeishia pale inapotakiwa kuishia, vidole vikiwa huru. Katika kituo chake cha afya hapa Keshero plasta ilikwisha tangu mwezi wa pili. Aliyevunjika mkono alifungiwa kipande cha katoni.

"Ni kliniki ya Himbi walikufunga," alisema.

"Ni Himbi," muzee alikubali bila aibu. "Madame Daniella mwenyewe alinishikilia mukono."

Sumaya, binti yake, ndiye aliyeeleza. Jumapili asubuhi baba yake alikuwa akitoka msalani. Akakanyaga vibaya jiwe moja la uani, yale mawe meusi ya volkano ambayo kila mtu wa Goma huyakanyaga tangu anapojifunza kutembea. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa tu chini, akajiegemeza kwa mkono, na mkono ukavunjika. Daktari aliyesoma picha alisema mifupa imekuwa myepesi. Akauliza muzee anakunywa dawa gani za kila siku. Aliposikia omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, miaka mitatu bila kuacha, alitikisa kichwa. Uzee una sehemu yake, alisema, lakini dawa ile ikinywewa muda mrefu namna hiyo inaweza kuidhoofisha mifupa ya mzee. Nani anamwandikia?

"Nikamujibu ni huku na huku," Sumaya alisema. "Kwenu na Himbi."

"Kwetu si sana," Victoire alisema haraka.

Muzee Yusufu alikuwa dereva wa malori, mtu wa asili ya Maniema aliyezeekea Goma, na alikuwa mgonjwa wa Victoire. Hivyo ndivyo Victoire alivyozoea kusema: mgonjwa wangu. Kila Idi nyumba ya muzee ilimletea sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa, naye aliiweka juu ya meza ya dawa kwa saa nzima kabla ya kula, ili wauguzi wenzake waione. Halafu Jafari, mtoto wa kiume wa muzee, akapata kazi kwenye shirika, na kazi ikaja na bima, na bima ikampeleka baba yake Himbi. Idi iliyopita sahani haikufika Keshero. Victoire aliambiwa na fundi cherehani wa jirani kwamba aliiona ikipita juu ya pikipiki, imeshikwa na Sumaya, kuelekea Himbi, upande wa ziwani.

Pilau angeweza kuisahau. Kilichomkalia kooni ni kwamba ililiwa na Daniella.

Walisoma pamoja, darasa moja la uuguzi, dawati moja. Daniella hakuwa mjinga, ila alikuwa mvivu wa kuandika, na kila jioni alinakili masomo ya dawa kutoka daftari la Victoire. Leo Daniella alikuwa na kliniki yenye feni, viti vyeupe na friji isiyozimika. Victoire alikuwa na dirisha moja, na wagonjwa tisini kwa siku tangu waasi waisogelee Sake, mji wa jirani, na watu wa vijiji kujaa katika kambi za Mugunga. Mizinga ilipolia upande ule, vioo vya kabati vilitetemeka, naye aliendelea kuandika.

Kwa miezi minne alikuwa na fishi ya malalamiko kwenye droo, ile karatasi ya kujaza ya zoni ya afya. Doktari Buhendwa, mkuu wa zoni, alipita kila mwezi kukusanya ripoti, na leo ilikuwa siku yake. Victoire aliitoa fishi mbele ya muzee na Sumaya, akaijaza kwa mwandiko wa kusomeka. Jina la mgonjwa. Umri: sabini na sita. Dawa. Madhara. Kliniki inayohusika: hapo aliandika jina la kliniki ya Daniella na kalamu ikaingia karatasini hadi ikatoboa kidogo. Zoni ikiamini, kliniki ingefungwa kwa uchunguzi. Aliwaza viti vile vyeupe vikiwa vitupu.

Palibaki kisanduku kimoja: tarehe dawa ilipoanza, na aliyeianzisha.

"Muzee, nipe daftari lako."

Katika mji huu mgonjwa hutembea na daftari lake la matibabu, moja tu, lenye jalada la nailoni, na kila anayemtibu huandika humo. La muzee Yusufu lilikuwa nene na lilinuka dawa ya kikohozi. Victoire aliwaomba wangoje kwenye benchi la nje, akalifungua kutoka nyuma, akasoma kurudi mwanzo.

Mwezi wa nne: muhuri wa Himbi, mwandiko wa Daniella, neno moja, *idem*. Maana yake: vilevile kama mara iliyopita. Mwezi wa pili, *idem*. Mwezi wa kumi na mbili, *idem*. Victoire alitabasamu. Mvivu wa kuandika hajapona, alijisemea.

Alipofika mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia, tabasamu likakwama. Mwandiko ulikuwa wake. Omeprazole, vidonge viwili kwa siku, asubuhi na jioni. Sahihi yake. Na juu yake, siku kumi kabla, Daniella alikuwa ameandika mistari mitano, mirefu, ya mtu aliyefikiri: mgonjwa hana kidonda tena, dawa haina kazi, ipunguzwe polepole, siku moja ndiyo siku moja hapana, ndani ya wiki sita iachwe.

Aliikumbuka siku ile, na aliikumbuka vizuri. Muzee aliingia ameshika kifua, akilalamika kwamba kinawaka moto tangu Himbi wampunguzie dawa. Victoire alisoma mistari ile mitano. Alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha Daniella dawatini, kwamba tumbo lililoizoea dawa ile likipunguziwa, asidi hurudi kwa hasira kwa wiki chache, kisha hutulia. Alipaswa kumwambia muzee avumilie. Badala yake alicheka. "Himbi wamekunyima dawa?" alimwuliza. "Rudi kwako basi." Akampa mara mbili ya ile ya kwanza. Wiki iliyofuata alipata kuku, si siku ya Idi wala siku ya kitu chochote, na alikula na kushiba.

Aliendelea kurudi nyuma, sasa kwa woga. *Idem*, wake. *Idem*, wake. Miaka miwili ya maandishi yake, siku za foleni hadi barabarani, kila mstari umechukua sekunde tatu. Hadi ukurasa uliopinda kwa maji ya mvua, mwisho wa mwezi wa tano, mwaka wa volkano.

Hapo palikuwa pameandikwa kwa penseli. Mlima ulikuwa umetema, ardhi inatikisika kila saa, na mji ukaambiwa uhame. Watu walitembea hadi Sake na magodoro kichwani. Victoire alifanya kazi ndani ya darasa la shule na katoni moja ya dawa. Muzee aliyeendesha malori miaka arobaini alikuwa ametembea njia yote kwa miguu, magoti yamevimba. Alimpa dawa ya maumivu, na kwa kuwa dawa ile hukwangua tumbo la mzee, akaongeza omeprazole ya kulilinda. Kidonge kimoja asubuhi. Siku kumi na nne.

Alizisoma tena zile tarakimu, moja na nne, kana kwamba zingebadilika. Hiyo ndiyo ilikuwa siku aliyomfanya muzee kuwa wake. Siku aliyoipenda kuliko zote.

Alitoka nje. Muzee alikuwa ameuweka mkono wa plasta mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine.

"Muzee, ile dawa ni miye niliianzisha. Kule Sake. Ilikuwa ya wiki mbili tu."

Muzee alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Ya Sake? Miye nilizani ni ya maisha. Ni weye ulinipa, mama. Ningeiacha namna gani?"

Sumaya hakucheka. Aliutazama mkono wa baba yake, kisha mikono ya Victoire.

Victoire alichukua daftari na fishi, akawaambia wamngoje, akapanda pikipiki hadi Himbi.

Daniella alimkuta ameketi kwenye kiti cheupe cha wagonjwa. Walikuwa hawajasemeshana miaka miwili.

"Umekuja kutibiwa, ama kunihesabia viti?"

"Soma," Victoire alisema, akampa fishi.

Daniella aliisoma amesimama. Hakuna kilichobadilika usoni mwake hadi Victoire alipomfungulia daftari kwenye ile mistari mitano, na chini yake vile vidonge viwili kwa siku.

"Kumbe umefika hapa," Daniella alisema polepole. "Nilikuwa nangojaka uone."

"Si ungenipigia simu?"

"Ungepokea?"

Feni ilizunguka. Victoire aliufurahia ubaridi wake na kujichukia kwa kuufurahia. Kisha akafunua kurasa mbele, akaweka kidole kwenye muhuri wa kwanza wa *idem*. "Na hapa? Weye ulijua. Miye nilikuwa na batu tisini mulangoni. Weye ulikuwa na bangapi?"

Daniella aligeuka, akayatazama maboksi ya rangi ya samawati yaliyopangwa nyuma ya meza yake, mistari mitatu, yote ya dawa ileile.

"Ningemunyima, angerudi kwako," alisema. "Na bima ingemufuata. Bazee benye bima ndio bananilishia hii nyumba, Victoire. Weye unaona viti tu."

Alinyoosha mkono. Victoire hakuelewa hadi Daniella aliposema, "Kalamu." Victoire hakumpa bado; alilikata kwanza mwenyewe jina la kliniki mahali alipotoboa karatasi, na kwenye kisanduku cha aliyeianzisha akaandika jina lake, na tarehe ya Sake. Ndipo akampa. Daniella aliongeza lake chini, kwa mwandiko mdogo mzuri ambao Victoire hakuwahi kuupenda.

Kwenye daftari waliandika pamoja, wakibishana kila mstari. Kidonge kimoja badala ya viwili, wiki mbili. Kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kikiwaka kifua, asikimbilie kwa yeyote, hutulia. Daniella alitaka akaguliwe Himbi, Victoire alitaka Keshero. Wakaandika: popote, lakini asibadilishiwe.

Aliporudi kituoni jua lilikuwa limeshuka upande wa Sake na gari la Doktari Buhendwa lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Doktari mwenyewe alikuwa ndani akihesabu chanjo. Muzee alikuwa palepale, Sumaya amemshikia mwavuli. Victoire aliwasomea mistari yote, mara mbili.

"Sasa miye," muzee aliuliza, "ni mugonjwa wa nani?"

Jibu lilimjia Victoire hadi kwenye meno. Alilimeza. "Nenda upumuzike, muzee."

Waliondoka polepole, Sumaya akitangulia na kumchagulia baba yake mahali pa kukanyaga kati ya mawe. Hakuaga.

Benchini walibaki wazee saba, kila mmoja na daftari la nailoni mapajani. Wa kwanza alikuwa mama Perpétue, mjane kutoka Butembo, aliyekuja kila mwezi na kukaa dakika moja. Alimnyooshea daftari lake likiwa limeshafunguliwa, kama alivyozoeshwa.

"Ya tumbo tu, mama. Sawa ya siku zote."

Victoire aliketi. *Idem*, juu ya *idem*, juu ya *idem*, mwandiko mmoja hadi juu ya ukurasa. Chini kabisa palibaki nafasi tupu, upana wa vidole viwili. Mlango wa ndani ulifunguka, doktari akamwita kwa jina, akiuliza kama ana ripoti yoyote. Fishi ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake.

"Nakuja," alijibu, na akalirudisha daftari nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta siku ya kwanza.