Shimo Lililopigwa Lipu

Baba yangu alikuwa fundi wa matangi ya maji kabla hajawa fundi wa mashimo ya choo. Tangi likivuja fundi amekwisha, kwa hiyo lipu yake ilikuwa laini, ukipitisha kiganja huhisi kitu. Watu wakamwita Fundi Kioo. Viwanja vya mtaa wetu vilipoanza kujengwa, kila mwenye nyumba alimtaka yeye amchimbie. Mashimo mengi ya hapa ni mkono wake, na letu pia.

Sasa mashimo yote yamekataa, na hayakukataa jana. Mvua ikinyesha siku mbili, maji meusi yanapanda kwenye sakafu ya bafu. Tunaogea uani kwenye karai, halafu mtu abebe maji hayo kwa ndoo hadi mtaro wa barabarani. Mtu huyo ni mimi. Tangu mama afariki tuko wawili tu, na bado shimo linajaa. Gari la kunyonya likija leo, wiki ya pili unaliita tena. Jirani yetu, Mama Mapacha, husema mkono wangu wa kulia umerefuka kuliko wa kushoto. Anajua, maana wake ni hivyo hivyo.

Baba alikuwa na jibu moja. "Shimo halina kosa. Watu wamezidi. Nimechimba la watu sita, mtu anajaza wapangaji ishirini. Shimo lifanye nini, litapike?"

"Linatapika, mzee wangu," Mama Mapacha alimjibu siku moja kutoka upande wake wa ukuta. "Tena linatapikia jikoni kwangu, bila hata hodi."

Ndipo likaja bomba kubwa la maji taka. Kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, kilipasua barabara katikati, vumbi likaingia mpaka kwenye chumvi. Msimamizi wa kazi, kijana mwenye kofia ya njano na sauti iliyokauka, alipita nyumba kwa nyumba akirudia maneno yale yale. Kila nyumba ifungue mashimo yake mawili, la kinyesi na la pili la kunyonya, ambako maji huishia ardhini. Yanyonywe, yajazwe kifusi, ndipo nyumba iunganishwe. Safu yetu ilipewa siku tatu. Jumatano jioni kijiko kinavuka barabara kwenda safu ya pili, na atakayebaki angoje awamu nyingine, ambayo hata yeye hakujua ni mwaka gani.

Jumatatu walianza kwa Mama Mapacha. Nilikwenda kumsaidia kuhamisha vyombo. Walipovunja zege la shimo la pili na kulinyonya, msimamizi alichuchumaa, akamulika tochi ndani.

"Aliyejenga hili nani?"

"Fundi Kioo. Nani tena?"

"Kapiga lipu shimo la kunyonya! Mpaka chini! Sasa maji yapite wapi?" Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama, hili si shimo. Hili ni sufuria."

"Sufuria, bakuli, wewe jaza tu, mwanangu. Mimi nataka choo."

Mama Mapacha hakuelewa, au alikuwa amechoka kuelewa. Mimi nilielewa. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini sufuria naijua. Shimo la pili huachwa mawe matupu ili ardhi iyanywe maji. Baba aliyapiga mashimo yote lipu kama matangi. Hakuweza kuacha ukuta bila lipu, kama vile mwingine hawezi kulala bila kufunga mlango. Na nyumbani kwetu hatukuwa na wapangaji wa kusingizia.

Nyumbani nilimkuta baba ameketi kizingitini.

"Wamefungua la jirani?"

"Wamefungua."

"Wamesemaje?"

"Wanajaza kifusi."

Alinitazama sana. Nikatazama chini. Nikajua anajua, na kwamba hakuanza kujua leo. Ndiyo maana kila nilipomwambia tumwite fundi mwingine achungulie, alikuwa mkali kama pilipili.

"Letu halifunguliwi," akasema. "Tutangoja awamu ijayo."

Jumanne msimamizi alipokuja, baba alimwambia mfuniko ulifunikwa na saruji ya ua na yeye amesahau mahali. Mtu anayejua mashimo ya mtaa mzima kwa hatua! Msimamizi akanigeukia mimi. Ni hatua nne kutoka mlango wa jikoni, ningeweza kuonyesha kwa kidole. Sikuonyesha. Mzazi havuliwi nguo na mwanawe mbele ya watu.

Lakini jioni, nilipomwaga ndoo ya tatu, nilikaa chini mbele yake.

"Baba, nimechoka."

"Pumzika."

"Sio kuchoka huko."

Akavuta pumzi. "Watu hawa wananisalimia, mwanangu. Wananipisha kiti misibani. Wakijua?"

"Jirani ameshaambiwa. Hajaelewa tu."

"Na siku akielewa?"

"Atakasirika siku hiyo. Mimi nimechoka leo."

Aliingia ndani bila kula.

Jumatano, jua likiwa limeshapanda, nilisikia kijiko kikigeuza. Baba akatoka na mtaimbo. Akahesabu hatua nne, akapiga kisigino chini. "Hapa. Kamwite."

Nilikimbia na kandambili moja mkononi. Msimamizi alikuja akinung'unika. "Kumbukumbu imerudi, mzee?"

"Imerudi."

Baba alivunja mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie mpaka pumzi ilipomwishia, ndipo vijana wakamalizia. Gari likanyonya. Maji yalipopungua, kuta zikatokea polepole, laini, bila ufa hata mmoja baada ya miaka yote hiyo. Kijana mmoja akasema, "Lo, kazi safi!" Kisha akaona nyuso zetu, akageukia koleo lake.

Mama Mapacha alikuwa amepanda tofali upande wake, kichwa juu ya ukuta. "Na lenu lina lipu?"

Msimamizi alifungua mdomo. Baba akamwahi.

"Lina lipu. Lako pia. Yote niliyochimba. Shimo la kunyonya halipigwi lipu, mama. Nilikosea tangu la kwanza."

"Ukajua lini?"

"Mwaka wa nne wa mtaa huu. Nilipozibua la mwalimu mmoja."

"Mwaka wa nne." Alitamka kama anayepima kitambaa. "Mwaka wa nne wanangu walikuwa wanatambaa. Wametambaa kwenye maji hayo hayo, mzee."

"Najua."

"Hujui." Akashuka kwenye tofali, akaingia ndani na kufunga mlango.

Jioni tuliunganishwa. Nilioga ndani, nimesimama, na maji yakaenda zake. Nilidhani ningefurahi. Nilikaa kitandani na taulo, nikasikia baba uani akimalizia kifusi kwa koleo, ingawa kazi hiyo ilikuwa ya vijana.

Asubuhi alichukua mtaimbo na nyundo, akavaa viatu vya kazi.

"Unakwenda wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Kule nako ni mkono wangu. Watapoteza siku wakitafuta mifuniko."

"Utawaambia?"

"Nitawaonyesha mfuniko. Kitakachokuwa ndani watakiona, na watauliza."

"Wakikutukana?"

"Wana haki." Akafunga kamba ya kiatu mara mbili. "Usinipikie mapema."

Nilimwona akipita mlangoni kwa Mama Mapacha. Alisalimia. Mlango haukufunguliwa, naye hakungoja. Nikaketi kizingitini, pale anapokaaga yeye, bila kazi ya maji mchana kutwa, na usingizi ukanichukua hapo hapo, nikisikia nyundo yake ng'ambo ya barabara ikipiga, ikipumzika, ikipiga.